Sumu Isiyokufa kwa Moto: Bakteria, Kiporo na Kinga ya Mwili

Kiswahili kina utajiri wa maneno ya kukitilia shaka chakula. Chakula huchacha, huvunda, huoza, huota kuvu. Mpishi hukifunua chungu, hukinusa, huonja kwa ncha ya ulimi, kisha hutoa hukumu. Hata chakula kilicholala usiku kucha kina majina yake: kiporo, mwiku, bariyo, wala hakuna hata moja kati ya majina hayo lenye lawama. Kiporo si chakula kibovu, ni chakula cha jana tu. Ukiuchunguza msamiati huu utagundua kwamba karibu wote umejengwa juu ya pua, ulimi na macho. Kinachonuka ndicho kibaya, kisichonuka ni salama, na kikitiliwa shaka kidogo hurudishwa jikoni kikapashwa moto.

Makala haya yanahusu sumu ambayo pua haiitambui, ulimi hauionji, na moto wa jikoni hauiwezi. Hutengenezwa na bakteria, humtapisha mlaji katika muda wa saa chache, na ikipata njia ya kuingia katika damu huigeuza kinga ya mwili kuwa adui wa mwili uleule. Tutaieleza kwa lugha ya kawaida kadiri iwezekanavyo. Baadaye tutayageukia maneno yenyewe, kwa kuwa nashikilia kwamba sehemu ya hatari ya sumu hii imo katika namna tunavyoitaja.

Kichala cha zabibu

Mnamo miaka ya mwanzo ya 1880, daktari mpasuaji wa Uskoti, Alexander Ogston, alikuwa akichunguza usaha wa majipu kwa hadubini. Aliona vijidudu vya mviringo vilivyoshikamana kama matunda ya mzabibu, akaviita kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya kichala cha zabibu na punje. Mwaka wa 1884 Mjerumani Friedrich Julius Rosenbach akaongeza neno la Kilatini lenye maana ya dhahabu, kutokana na rangi ya manjano ya vijidudu hivyo vinapokuzwa katika maabara. Ndipo tukapata jina Staphylococcus aureus. Katika makala haya tutamwita stafilokoki.

Stafilokoki si mgeni. Takribani mtu mmoja kati ya watatu humbeba ndani ya pua bila kujua, na wengi wengine huwa naye katika ngozi kwa vipindi. Akikaa hapo hana neno. Akipata mkwaruzo au kidonda hutia usaha. Na akidondokea kwenye chakula kilichokwisha kupikwa, chenye protini na uvuguvugu, huanza kuzaana na kumwaga sumu. Chumvi nyingi, ambayo huwaua bakteria wengi, yeye huistahimili. Ndiyo maana nyama na samaki waliokaushwa kwa chumvi si kinga kamili dhidi yake.

Kwamba ni sumu, wala si bakteria mwenyewe, inayoleta madhara ni jambo lililochukua muda kuthibitishwa. Mwaka wa 1914 mtafiti mmoja Mmarekani aitwaye Barber, aliyekuwa akifanya kazi Ufilipino, aliandika kuhusu maziwa yaliyomwumiza tumbo kila alipoyanywa. Ng'ombe aliyeyatoa alionekana mzima. Maziwa hayo yaliponywewa mabichi mara tu baada ya kukamwa hayakumdhuru mtu. Yalipoachwa kwa saa kadhaa katika joto la kawaida la nchi hiyo, yalimtapisha. Barber aliyajua haya kwa kuyanywa mwenyewe, ujasiri ambao leo kamati yoyote ya maadili ya utafiti ingeukemea. Mwaka wa 1930, Gail Dack na wenzake huko Chicago waliwachunguza watu waliougua baada ya kula keki yenye malai. Walimtoa stafilokoki katika keki, wakamkuza katika supu ya maabara, wakaichuja supu ile hata asibaki bakteria hata mmoja, kisha wakawapa watu waliojitolea kuinywa. Walitapika. Mtengenezaji hakuwamo, lakini kazi yake ilikuwamo.

Hapa hatuna budi kutenga mambo mawili ambayo mazungumzo ya kila siku huyachanganya. Mtu akila chakula chenye bakteria wa Salmonella, bakteria hao huingia tumboni wakiwa hai, wakazaana humo, na ugonjwa huchukua kati ya saa 6 na siku 3 kujitokeza. Huko ni kuambukizwa. Mtu akila sumu ya stafilokoki hapana kinachozaana. Sumu ilikwisha kuiva sahanini. Kichefuchefu huanza kati ya saa 1 na 6, aghalabu kwa ghafla, kikafuatwa na kutapika na kuumwa tumbo, na pengine kuhara. Wengi hupona kwa siku moja au mbili. Anayeuliza 'ulikula nini jana?' amekosea saa. Swali lifaalo ni 'ulikula nini mchana huu?'

Moto una mipaka yake

Stafilokoki mwenyewe hufa kwa urahisi. Joto la kupikia chakula cha kawaida humwangamiza. Lakini sumu yake, ambayo wataalamu huiita enterotoksini, ni protini iliyokunjamana kwa uimara usio wa kawaida. Ute wa yai ni protini pia, na kila mtu amewahi kuuona ukigeuka mweupe na kuganda usirudi tena ulivyokuwa. Sumu hii haina tabia hiyo ya yai. Huweza kukaa katika maji yanayochemka, nyuzi 100 za Selsiasi, kwa nusu saa na zaidi, ikabaki na makali yake. Juisi za tumbo zinazomeng'enya nyama nazo huivunja kwa shida.

Si kila sumu ya bakteria iko hivyo. Sumu ya Clostridium botulinum, ambayo ni miongoni mwa sumu kali kuliko zote zinazojulikana, huharibika ikichemshwa kwa dakika chache. Kwa hiyo anayesema kwamba kuchemsha huua kila kitu, na anayesema kwamba hakusaidii kitu, wote wawili wamekosa. Jibu hutegemea sumu ni ya nani.

Tukio linalolidhihirisha jambo hili vyema kuliko yote lilitokea Japani mwaka wa 2000. Tarehe 31 Machi, katika kiwanda cha kampuni ya maziwa ya Snow Brand kilichoko Hokkaido, umeme ulikatika kwa takribani saa 3. Maziwa yaliyokuwa katika mitambo yalikaa na uvuguvugu, stafilokoki wakapata fursa yao. Umeme uliporudi, kazi iliendelea. Maziwa yalipashwa joto kali, bakteria wakafa, na unga wa maziwa ukatengenezwa. Miezi miwili na zaidi baadaye unga huo ulitumiwa mjini Osaka kutengenezea maziwa yasiyo na mafuta mengi, ambayo nayo yalipitishwa katika joto la nyuzi 130 kwa sekunde chache. Mwishoni mwa Juni watu walianza kutapika. Walioripotiwa kuugua walizidi 13,000. Wachunguzi walipoyapima maziwa, stafilokoki aliye hai hakuonekana. Kilichoonekana ni sumu, na kwa kiasi ambacho ni vigumu kukifikiria: kila mgonjwa alikadiriwa kumeza kati ya nanogramu 20 na 100. Nanogramu ni sehemu moja ya gramu iliyogawanywa mara bilioni moja.

Basi maziwa yale yalikuwa safi kwa kipimo cha uhai. Hayakuwa na mdudu. Mtu aliyeyapima kwa kuhesabu bakteria angeyapitisha bila wasiwasi.

Tukio jingine ni la angani. Mwezi wa Februari 1975, ndege ya shirika la Japani iliyokuwa ikielekea Paris ilijazwa chakula mjini Anchorage, Alaska. Mmoja wa wapishi alikuwa na vidonda vidoleni. Alishika vipande vya nyama ya nguruwe vilivyowekwa juu ya vimanda vya mayai, navyo vikakaa kwa saa nyingi pasipo ubaridi wa kutosha. Abiria walipewa kiamsha kinywa, na muda mfupi kabla ya kutua Copenhagen zaidi ya watu 190 walikuwa wakitapika. Zaidi ya 140 walilazwa hospitalini. Marubani hawakuvila vimanda hivyo. Ni bahati ambayo mashirika ya ndege hayakutaka kuitegemea tena: desturi ya kuwapa rubani na msaidizi wake vyakula tofauti ilipata nguvu kutokana na mikasa ya aina hiyo.

Linalofaa kuzingatiwa katika mkasa huo ni saa ambayo sumu iliingia. Vidole viliigusa nyama ilipokuwa tayari kuliwa, si ilipokuwa mbichi. Katika harusi na matanga yetu hali huwa iyo hiyo. Nyama huchemshwa usiku ikaiva barabara. Alfajiri hukatwakatwa kwa mikono, mikono mingi yenye nia njema. Pilau hufunikwa katika sufuria kubwa ili isipoe, ikakaa na joto la mwili wa binadamu hadi saa za adhuhuri, nalo ndilo joto analolipenda stafilokoki. Mpishi akipashia moto kabla ya kupakua hufanya lililo jema, lakini huwa amewaua wafanyakazi tu. Walichokwisha kukizalisha kipo.

Wali una hatari ya pili. Bakteria aitwaye Bacillus cereus hukaa katika mchele akiwa katika umbo la mbegu kavu inayostahimili kuchemshwa. Wali ukiachwa na uvuguvugu mbegu huota, na bakteria hutoa sumu iitwayo sereulidi, ambayo hustahimili hata nyuzi 121. Uingereza iliutambua ugonjwa huu mwanzoni mwa miaka ya 1970 kutokana na wali wa kukaanga uliopikwa usiku na kukaangwa kesho yake. Wakenya nao wana kumbukumbu chungu ya sumu isiyopikika, ingawa ile ilitokana na kuvu, si bakteria: mwaka wa 2004, hasa Makueni na Kitui, mahindi yenye aflatoksini yaliwaugua watu 317, na 125 kati yao wakafariki. Ugali ulipikwa kama kawaida.

Kinga iliyochochewa

Kutapika kwenyewe hutokea hivi. Sumu ikifika utumboni husababisha seli fulani za ukuta wa utumbo kumwaga kemikali, ikiwemo serotonini. Kemikali hizo huigutusha neva ya vagasi, neva ndefu inayounganisha matumbo na ubongo, na ubongo hutoa amri ya kutapika. Majaribio ya wanyama yalionyesha kwamba neva hiyo ikikatwa, sumu haitapishi tena.

Lakini sumu hii ina kazi ya pili, na kwa miaka mingi wataalamu hawakuielewa. Ili kuielewa yafaa tujue jinsi kinga ya mwili inavyofanya kazi siku za kawaida. Adui anapoingia mwilini, seli walinzi humeza, humkatakata, kisha huchukua kipande chake kidogo na kukiweka katika kijibonde kilicho juu ya ngozi ya seli, mfano wa mtu anayebeba ushahidi katika kiganja. Kipande hicho ndicho antijeni. Seli T, ambazo ni askari wa kinga, hupita zikikagua. Kila seli T ina kipokezi chake, na kila kipokezi hutambua kipande cha aina moja tu. Ndiyo maana antijeni ya kawaida huamsha askari wachache mno, pungufu ya seli 1 kati ya 10,000. Hao wachache huzaana, hupigana na adui yule mahususi, kisha hutulia. Ni utaratibu wa polepole, lakini una shabaha.

Sumu ya stafilokoki haiufuati utaratibu huu. Haisubiri kumezwa wala kukatwakatwa. Hujibandika ikiwa nzima nje ya kijibonde, kwa ubavuni, mkono mmoja ukishika seli mlinzi na mwingine ukishika kipokezi cha seli T mahali ambapo hapakaguliwi. Seli T huaminishwa kwamba imemwona adui wake, ilhali haijaona kitu. Na kwa kuwa mahali pale panapofanana hupatikana katika seli T nyingi, sumu moja huweza kuamsha hata seli 1 kati ya 5. Mwaka wa 1989, John Kappler na Philippa Marrack, waliokuwa wakifanya utafiti mjini Denver, Marekani, pamoja na wenzao, walizipa sumu za namna hii jina superantijeni.

Jeshi lililoamshwa lote kwa uvumi haliwezi kulenga shabaha. Seli hizo humwaga sitokini, yaani kemikali za kupashana habari na kuchochea uvimbe, kwa wingi ambao mwili haukuumbiwa. Homa hupanda, mishipa ya damu huvuja, shinikizo la damu huporomoka, na viungo kama figo na ini huanza kushindwa. Baada ya tufani hiyo seli nyingi miongoni mwa zilizoamshwa hufa, na zilizobaki hupigwa ganzi, zisiitikie hata adui wa kweli akija. Hapo ndipo stafilokoki anaponufaika: kinga iliyochoka kwa kelele haimwoni yeye.

Hali hiyo kali si ile ya mtu aliyekula pilau mbaya. Kiasi cha sumu kinachomezwa huwa kidogo, na sehemu yake kubwa hutapikwa. Hutokea pale bakteria anapokaa ndani ya mwili na kumwaga sumu mfululizo. Daktari James Todd na wenzake, nao pia wa Denver, waliieleza mwaka wa 1978 kwa watoto 7. Mwaka wa 1980 mamia ya wanawake nchini Marekani waliugua, wengi wao wakiwa wametumia visodo vya kuingizwa ukeni vyenye uwezo mkubwa wa kufyonza damu, na baadhi walikufa. Sumu iliyohusika zaidi ni ndugu wa sumu za chakula.

Undugu huo umeacha alama hata katika majina. Enterotoksini huitwa kwa herufi za alfabeti: A, B, C, D, E, halafu G. Herufi F haipo. Ilikwisha kupewa sumu ya ugonjwa ule wa wanawake kabla ya kubainika kwamba sumu hiyo haitapishi. Ikanyang'anywa jina, na pengo likaachwa wazi. Sumu mpya zimeendelea kugunduliwa hata herufi zimekwisha, na sasa hutumiwa nambari. Sumu B nayo ina historia ya aibu: Marekani iliiandaa kuwa silaha ya kuwalemaza askari wa adui, hadi mpango wa silaha za namna hiyo ulipokomeshwa na Rais Nixon mnamo 1969 na 1970.

Kazi hizi mbili, kutapisha na kuchochea kinga, zinaweza kutenganishwa. Wataalamu wamewahi kuibadilisha sumu kidogo tu ikapoteza uwezo mmoja na kubaki na wa pili. Ni kana kwamba mwizi mmoja amebeba funguo mbili za milango tofauti.

Sumu ni ya nani?

Sasa tuyarudie maneno. Neno superantijeni limeingia katika maandishi yetu jinsi lilivyo, nami siligombi kama mkopo. Tatizo lake ni sehemu ya kwanza, inayompa msomaji picha ya kitu bora au chenye nguvu kupita vingine. Ubora haupo. Kinachofanyika ni uchochezi: kuwaamsha wengi kwa habari ya uongo. Napendekeza antijeni chochezi, na wenye pendekezo bora zaidi walitoe.

Zito zaidi ni lile tunalolitumia kila siku, sumu ya chakula. Hebu tulitazame kisarufi. Katika sumu ya nyoka, kiunganishi huonyesha mtoaji: nyoka ndiye mwenye sumu. Katika sumu ya panya, kiunganishi hichohicho huonyesha anayekusudiwa kuuawa. Je, sumu ya chakula ni ipi kati ya hizo? Chakula hakitoi sumu, wala hakiuawi nayo. Msikilizaji aliyeachwa bila mtoaji humtafuta, na Kiswahili kina vitenzi vilivyo tayari kumsaidia: kutiliwa sumu, kulishwa sumu. Gazeti likiandika kwamba wanafunzi wamelazwa baada ya kula chakula kinachoshukiwa kuwa na sumu, wasomaji wengi humwona mtu aliyesimama karibu na sufuria. Katika hafla moja kijijini niliyoijua, wageni walitapika jioni ile ile ya harusi, na kabla ya pambazuko jina la mama mmoja aliyesaidia kupakua lilikuwa limekwisha kuzunguka vijiji viwili. Dalili zilikuwa zilezile: saa chache baada ya mlo, wote kwa pamoja, na siku ya pili wote wazima. Hakuna aliyepima chochote. Mama yule hakualikwa tena.

Wengine wamependekeza sumu ya bakteria. Ni hatua mbele, lakini mtego wa panya ungali pale pale, kwa maana mtu anaweza kuielewa kuwa dawa ya kuwaulia bakteria. Sumu itokanayo na bakteria ni ndefu kidogo, nayo haina utata. Kwa ugonjwa wenyewe, ningependelea kusema kwamba mtu amedhurika kwa chakula kuliko kwamba amekula sumu.

Na tangazo la kubandikwa jikoni, katika mabweni na kumbi za harusi, lisiishie kwenye agizo la kupasha chakula moto, kwa kuwa agizo hilo peke yake humpa mpishi imani ambayo moto hauwezi kuilipa. Liseme hivi: Mwenye jipu au kidonda mkononi asishike chakula kilichoiva. Nyama iliyopikwa isikatwe kwa mikono isiyooshwa. Chakula kiliwe kikingali moto kabisa, au kipozwe upesi na kuwekwa katika jokofu kwenye vyombo vifupi. Kilichokaa na uvuguvugu tangu alfajiri hadi alasiri kimwagwe, hata kama kinanukia vizuri.